Anayesoma Falaki Hapigi Ramli: Yaliyomo Katika Somo la Kwanza la Elimu ya Anga

Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote. Kwa saa za hapa Zanzibar ulikuwa umezama kabisa ndani ya kivuli cha dunia kuanzia saa 2 na nusu usiku mpaka saa 3 na dakika 52, na kila aliyepata uwazi baina ya mawingu aliuona umekuwa mwekundu kama shaba iliyosuguliwa. Wapo waliokwenda kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi, wapo waliobaki uwanjani na simu zao, na wapo waliowaingiza watoto ndani.

Wiki iliyofuata nilisimamishwa njiani na mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye binti yake anasoma biashara katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani. "Maalim," alinambia, "mwanangu kanambia muhula huu kachukua somo la falaki. Mimi nimempeleka kusomea biashara. Hiyo falaki ya nini, na ndiyo ile ya kutizamiwa nyota?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu alikuwa na haraka, lakini swali lake lilistahili jibu refu. Mimi mwenyewe nililisoma somo hilo katika nchi hiyo hiyo kabla ya kurudi kufundisha fizikia katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na kila mwaka wanafunzi wangu wa zamani walioko vyuoni huniletea maswali yanayokaribiana na la mama huyu.

Tuanze na majina, kwa sababu nusu ya mchanganyiko imo humo. Falaki asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya njia ya duara inayopitwa na sayari. Unajimu umetokana na neno la Kiarabu la nyota. Katika Kiswahili maneno haya mawili yamebebeshwa mizigo miwili kwa pamoja: kwa upande mmoja ni elimu ya kupima na kueleza vilivyomo angani, na kwa upande wa pili ni kazi ya kumtazamia mtu ndoa yake, safari yake au biashara yake. Ramli ni jambo la tatu, na jina lake lenyewe maana yake ni mchanga, kwa hiyo mpiga ramli hahitaji hata kuinua uso kutazama juu. Katika makala haya nitasema "elimu ya anga" kwa ile ya vipimo, na "utabiri wa nyota" kwa ile ya kutazamia, ili tusichanganyikiwe njiani.

Kwamba elimu hii si ngeni kwa dini wala kwa watu wetu, historia inashuhudia. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus, na kazi yake ilikuwa kupima jua na nyota ili adhana isiadhiniwe kabla wala baada ya wakati wake. Na kuhusu kupatwa, Waislamu wengi wanaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa siku hiyo: aliwaambia watu kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote wala kwa uhai wake.

Sasa kwa nini mwanafunzi wa biashara asome elimu ya anga? Vyuo vikuu vingi vya Marekani humtaka kila mwanafunzi, hata wa sheria, muziki au uhasibu, achukue somo moja au mawili ya sayansi kabla ya kuhitimu. Somo la utangulizi la elimu ya anga ni miongoni mwa yanayopendwa zaidi kwa lengo hilo, na inakadiriwa kwamba wanafunzi wapatao robo milioni hulisoma kila mwaka nchini humo. Kwa wengi wao ndilo somo la mwisho la sayansi maishani. Muhula unaanza na anga linaloonekana kwa macho, unapita kwenye mwendo wa jua na mwezi, nguvu ya uvutano na tabia za nuru, kisha unafika kwenye sayari, maisha ya nyota na galaksi zilizo mbali.

Wanafunzi huja wakitaka mashimo meusi na mwanzo wa ulimwengu. Wiki za mwanzo wanakutana na mwezi na jua, wanaona wamerudishwa darasa la nne, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mwaka 1987 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard waliulizwa siku ya mahafali yao, wakiwa bado wamevaa majoho, ni kitu gani kinacholeta majira ya mwaka. Walio wengi walijibu kwa kujiamini, na walikosea. Nilipoonyeshwa majibu yao darasani nilinyamaza, kwa sababu mimi pia ningelijibu vile vile.

Ugumu wa somo hili ni kwamba linamtaka mwanafunzi alione jambo moja kutoka mahali pawili kwa wakati mmoja: mara amesimama pwani anautazama mwezi, mara yuko nje ya dunia anaitazama dunia, mwezi na jua kama vitu vitatu vilivyowekwa mezani. Hesabu zinazotakiwa ni za uwiano na za kuandika namba kubwa kwa vipeo vya kumi, ambazo mwanafunzi aliyemaliza sekondari anaziweza. Kuhama kutoka mahali pa kwanza kwenda pa pili na kurudi ndiko kunakochosha akili, na hakuna kanuni ya kukariri itakayofanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Mfano wake mzuri ni sura za mwezi. Waulize watu kumi kwa nini mwezi huwa mwembamba, kisha nusu, kisha mpevu, na wengi watasema ni kivuli cha dunia kinachoufunika. Jibu hilo lina mantiki kwa aliyesimama pwani, lakini ni kosa. Zima taa za chumba, washa moja tu mbele yako, kisha shika chungwa kwa kijiti na unyooshe mkono, likiwa juu kidogo ya kichwa chako. Kichwa chako ni dunia, taa ni jua, na chungwa ni mwezi. Ukilielekeza chungwa kwenye taa, upande unaouona wewe ni wa kiza. Geuka taratibu kushoto na utaona ukingo mwembamba unang'ara, kisha nusu, na ukiipa taa mgongo, chungwa lote litakuwa jeupe mbele yako. Muda wote huo nusu ya chungwa ilikuwa inapata nuru, na kilichobadilika ni sehemu ya nusu hiyo uliyoweza kuiona. Kivuli cha kichwa chako hakikuhusika hata mara moja.

Kivuli huhusika pale tu unaposhusha mkono, ukiwa umeipa taa mgongo, mpaka chungwa, kichwa na taa vikawa kwenye mstari mmoja, na huko ndiko kupatwa kwa mwezi. Mbona basi hakutokei kila mwezi mpevu? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kiasi cha digrii 5 ukilinganisha na njia ya dunia, na kwa hiyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli chetu. Ule wekundu wa Septemba ulikuwa nuru ya jua iliyopenya pembezoni mwa hewa ya dunia, ikachujwa kama inavyochujwa wakati wa magharibi, kisha ikafika kwenye mwezi.

Hapa ndipo wanafunzi wa kwetu wanapouliza swali ambalo wenzao wa Chicago hawaliulizi. Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani watu husema: wataalamu wametangaza kwamba mwezi umezaliwa, iweje usionekane? Maneno mawili yamechanganywa. Mwezi kuzaliwa ni ile nukta ambayo mwezi unapita upande mmoja na jua ukitazamwa kutoka duniani. Nukta hiyo ni moja kwa dunia nzima, na wanahesabu wanaweza kuitaja kwa dakika na sekunde miaka mingi kabla. Mwezi kuandama ni hilali kuonekana kwa jicho la mtu aliyesimama mahali fulani, jioni fulani, chini ya anga fulani. Baina ya mawili hayo pana muda. Mwezi hujitenga na jua kwa kiasi cha nusu digrii tu kila saa, na ukiwa haujafika digrii 7 hivi ukingo wake haung'ari vya kutosha kuonekana. Ni nadra sana jicho tupu kuuona kabla haujatimiza saa 15 tangu kuzaliwa. Ongeza mawingu ya upeoni, vumbi na ukungu wa bahari, na utaona kwa nini mtu wa nchi moja auone na wa nchi nyingine aukose bila ya yeyote kati yao kusema uongo. Elimu ya anga inaweza kusema lini haiwezekani kuuona na lini kuna uwezekano. Upi uwe msingi wa kufunga ni hukumu ya dini, na somo la chuo haliingii humo.

Hata kwamba mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30 kunaelezeka kwa saa ya ukutani. Mwezi huizunguka dunia kwa siku 27 na thuluthi, ilhali kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu, na wanafunzi hudhani mojawapo ya namba hizo ni kosa la uchapaji. Itazame saa pale mishale yote miwili inapoelekea juu. Mshale mrefu ukizunguka duara zima haumkuti mwenzake pale ulipomwacha, kwa kuwa naye amesogea, na itabidi uongeze dakika 5 na ushei ndipo umfikie. Mwezi nao ukimaliza mzunguko wake unakuta jua limeshasogea mbele, na unahitaji siku mbili zaidi kulifikia. Miezi 12 ya namna hiyo inafanya siku 354, pungufu kwa siku 11 kuliko mwaka wa jua, na ndiyo sababu Ramadhani huzunguka masika, kipupwe, vuli na kaskazi. Wazee wa Makunduchi, wanaoadhimisha Mwaka Kogwa kwa kuhesabu siku 365, waliishi na kalenda zote mbili bila ya kuona mgongano.

Majira ya mwaka yana mtego ambao sijauona ukitajwa katika vitabu vya somo hili, kwa sababu vimeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Dhana potofu inayojulikana, ile ile ya wahitimu wa Harvard, ni kwamba joto huja dunia inapolikaribia jua, na baridi huja inapokuwa mbali. Ni kweli kwamba masafa yanabadilika: mwanzoni mwa Januari tuko kiasi cha kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Mwanafunzi wa London akizisikia namba hizo hushtuka, kwani Januari kwake ni baridi kali, na mshtuko huo ndio unaoivunja dhana yake. Mwanafunzi wa Kizanzibari hashtuki hata kidogo. Januari kwake ni kaskazi na jua la utosi, na Julai ni kipupwe na upepo wa kusi. Namba zimekuja kukubaliana na kosa lake, na mwalimu wake wa huko hana habari, kwa sababu kwake yeye namba hizo ni dawa.

Dawa ya kwetu ni kuuliza swali jingine: kama masafa ndiyo sababu, kwa nini dunia nzima haipati joto katika mwezi mmoja? Sababu ya majira ni kwamba dunia imeinama digrii 23.4 katika safari yake, na kwa miezi kadhaa nusu yake moja hulielekea jua huku nusu nyingine ikiinama mbali nalo. Mulika tochi wima juu ya meza na utapata duara dogo lenye mng'aro. Ilaze na nuru ile ile itatandazwa mahali pakubwa, ikawa hafifu. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu kwa kimo cha digrii 60, na Disemba hupita kusini kwa kimo cha digrii 73. Tofauti hiyo ni ndogo, na kwa hiyo hapa visiwani mvua, mawingu na upepo unaovuma kutoka kusini yenye baridi vina sauti kubwa kuliko kuinama kwenyewe. Mchana wetu mrefu kuliko wote unaushinda ule mfupi kwa dakika 40 na kitu tu, wakati London mchana wa Juni unazidi saa 16 na wa Disemba haufiki 8. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza bila ya kuharibikiwa mwaka mzima, jambo ambalo mtu wa London asingeliliweza.

Vitabu hivyo vya kaskazini vina usumbufu mwingine. Vinaanza na Nyota ya Kaskazini, ambayo kutoka Unguja haionekani kwa sababu iko chini ya upeo wetu. Vinachora hilali imesimama kama herufi, wakati hilali yetu hulala kama dau. Mwanafunzi wangu mmoja alinyimwa alama kwa kuchora mwezi kama alivyouona maisha yake yote kutoka Nungwi, na nilipoupokea ujumbe wake niliumia, kwa sababu mchoro wake ulikuwa sahihi kwa mahali alipotoka. Ni vyema anayejiandaa kwenda kusoma alijue hilo mapema: ukihamia latitudo nyingine, mwezi ni ule ule, lakini wewe umesimama kwa mkao mwingine juu ya tufe.

Kwa upande wa pili, wanafunzi wetu wana mali ambayo wenzao hawana. Majina mengi ya nyota zinazong'ara ni Kiarabu kilichopita katika vinywa vya Wazungu, na mtoto aliyesoma chuo cha Kurani kwa maalimu wake huyatambua mara moja. Rigel ni mguu. Deneb ni mkia. Fomalhaut ni mdomo wa samaki, na neno lake la mwisho ndilo huti tunayoitumia kwa buruji, yaani kundi la nyota, ya samaki. Aldebaran ni mfuasi, kwa sababu inakifuata Kilimia angani. Na Kilimia chenyewe, kile kishada kidogo cha nyota ambacho jina lake limetokana na kulima, kimebeba somo zima katika msemo wa wahenga: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa nini kizame? Kwa sababu dunia inapolizunguka jua, jua huonekana likipita mbele ya nyota mbalimbali, na mwezi wa Mei huwa upande mmoja na Kilimia. Kishada hakijaondoka, kipo juu yetu mchana kutwa, kimefichwa na nuru. Juni kinarudi alfajiri, upande wa mashariki. Mkulima aliyekitumia kupima msimu alikuwa anautazama mwendo wa dunia.

Habari ya maji kujaa na kupwa nitaipita haraka, kwa kuwa akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani wanaijua kuliko kitabu chochote. Wanajua kwamba bamvua huja mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, na kwamba kila siku maji hujaa yakiwa yamechelewa kwa kiasi cha dakika 50. Somo linaongeza sababu. Mwezi huyavuta zaidi maji yaliyo upande wake kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na huivuta dunia zaidi kuliko maji ya upande wa pili, na kwa hiyo maji hutuna pande zote mbili. Jua nalo linavuta, kwa nguvu inayokaribia nusu ya ile ya mwezi katika jambo hili. Vikivuta kwa mstari mmoja tunapata bamvua, na vikivuta kwa pembe ya mraba tunapata maji mafu.

Kinachowashinda wanafunzi wote, wa kwetu na wa huko, ni ukubwa wa mahali. Picha za vitabu hupanga jua na sayari karibu karibu kama bakuli juu ya sinia, kwa kuwa karatasi haina nafasi. Chukua nazi iliyofuliwa yenye upana wa sentimita 13 na uiweke Forodhani, na hiyo ndiyo jua. Dunia itakuwa punje ya ulezi iliyoko mita 14 kutoka kwenye nazi, na mwezi utakuwa kichembe kilicho chini ya sentimita 4 kutoka kwenye punje hiyo. Humo ndani ya sentimita hizo ndimo ilimo safari yote ndefu kuliko zote ambazo binadamu amewahi kuzifanya. Nazi nyingine iliyo karibu, yaani Alpha Centauri, ambayo inaonekana vizuri kutoka visiwani ikiwa jirani na Msalaba wa Kusini, itabidi uipeleke kwa jahazi mpaka Maskati. Baina ya Forodhani na Maskati karibu kote ni utupu. Kwa masafa kama hayo kilomita haitoshi, na ndipo linapotumika neno mwaka wa nuru, ambalo watu hulidhania ni muda. Ni urefu: masafa ambayo nuru huyakata kwa mwaka mmoja, kiasi cha kilomita trilioni 9.5. Nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20, na ya Alpha Centauri kwa miaka 4 na miezi kadhaa.

Hapo mwanafunzi makini huuliza: kama hakuna aliyefika, mnajuaje nyota zimeumbwa na nini? Nalipenda swali hili kuliko yote. Anayepita njia ya Chake Chake kwenda Wete msimu wa karafuu hujua kuna karafuu zilizoanikwa kabla hajaona jamvi hata moja, kwa sababu harufu imesafiri na habari. Nuru nayo husafiri na habari. Ukiipitisha nuru ya jua katika kioo cha kuigawa rangi, utaona rangi za upinde wa mvua zimekatwa na mistari myeusi myembamba, na kila elementi ina mistari yake mahali pake, isiyofanana na ya mwenzake. Mwaka 1868 ulionekana katika nuru ya jua mstari usiokuwa na mwenyewe, na kitu hicho kipya kikaitwa heliamu, kwa jina la jua katika Kigiriki. Ilichukua mpaka mwaka 1895 kwa William Ramsay kuipata heliamu hapa duniani. Na mwaka 1925 Cecilia Payne, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alionyesha kwa njia hiyo hiyo kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa kabisa, kinyume na walivyoamini wakubwa wake, ambao baadaye walimkubali.

Usiku wa kwanza wa darubini nao huwa na huzuni yake, na anayekwenda ni bora aambiwe. Sayari ya Zohali huonekana ndogo kama shanga yenye pete, na mawingu ya nyota ambayo kwenye simu ni mekundu na ya buluu, kwenye darubini ni ukungu wa kijivu. Hakuna aliyedanganya: kamera hukusanya nuru kwa saa nyingi, na jicho haliwezi. Wengi huondoka wamevunjika moyo, lakini aliyevumilia hadi macho yakazoea kiza huiona shanga ile ikiwa na pete kweli, kwa jicho lake mwenyewe, na hiyo ni hali ambayo picha haiwezi kuileta.

Turudi kwa mama yule na nyota ya binti yake. Somo hili halikwepi utabiri wa nyota. Mara nyingi huupa kipindi kizima. Mhimili wa dunia huyumba taratibu kama pia inayokaribia kuanguka, na huchukua kiasi cha miaka 26,000 kumaliza duara moja. Kwa sababu hiyo buruji zimehama tangu tarehe zake zilipopangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Aliyezaliwa tarehe 25 Machi anaambiwa nyota yake ni Hamali, yaani kondoo, lakini siku hiyo jua limo katika nyota za Huti. Huku kwetu wapo pia wanaoitafuta nyota ya mtu kwa kuhesabu herufi za jina lake na la mama yake. Hesabu hiyo haina uhusiano wowote na kilichomo angani, na binti wa biashara akitoka katika somo hili ataweza kueleza kwa nini, kwa vipimo.

Anayetaka kulionja somo bila ya kusafiri anahitaji kijiti tu. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya Mji wa Zanzibar. Simika kijiti cha mita moja wima uwanjani, ukihakikisha kwa uzi wenye jiwe kwamba hakijainama. Machi utazame saa 6 na dakika 35 mchana, na Oktoba saa 6 na dakika 10. Saa zinatofautiana kwa sababu dunia haiendi kwa kasi moja mwaka mzima na kwa sababu imeinama. Kivuli kitajikunja mpaka kiingie chini ya kijiti. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo, mwenzako aliyesimika kijiti kama chako Chake Chake ataona kivuli cha kiasi cha sentimita 1.6, kwa kuwa Pemba jua hupita utosini siku mbili tatu baadaye mwezi wa Machi, na siku mbili tatu mapema mwezi wa Oktoba. Sentimita hiyo moja na nukta sita ni pembe ya digrii 0.92, na baina ya miji hiyo, kutoka kusini kwenda kaskazini, ni kilomita 102 hivi. Gawa 360 kwa 0.92, kisha zidisha kwa 102. Utapata takriban kilomita 40,000, nao ndio mzingo wa dunia, kwa njia ile ile aliyoitumia mtaalamu wa Kigiriki Eratosthenes nchini Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.